Uzi wa Machi

Kila asubuhi mlinzi wa bwawa hupita juu ya ukuta akipapasa vyuma vya kando, darubini kifuani, akiwapigia mluzi bata na kutega sikio wamjibu. Mkononi bado ana uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule usiofunguliwa mpaka mtu amwone korongo wa kwanza. Zdravka, anayekaa bondeni chini ya ukuta, alishafungua wake. Korongo wamejaa ukingoni.

“Mjomba, uzi bado tu? Wenzako tulishafungua.”

Akainua darubini, akawapita korongo wote, akatazama maji matupu. “Mwaka huu wamechelewa, mwanangu.”

Zdravka akatazama nyumba yake kule chini bondeni. “Na ule ufa ukutani?”

“Haujaongezeka hata kidogo. Naukagua kila siku.”