Bibi Alivyonitembeza Unguja

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu yenye picha za Unguja. "Bibi, likizo tukae kaskazini au kusini?" Badala ya kumjibu, nikasikia harufu ya mpunga uliolowa.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Likizo ya masika nilikuwa kijijini Michenga kwa bibi yangu, na mchana ule mafuriko yalikuwa yameizunguka nyumba yake. Nikamwambia, "Bibi, hapa ni Unguja."

Bibi alikuwa amechomeka kijiti ukingoni mwa maji. Akakitazama kwanza. "Sawa, mjukuu wangu. Tutembelee upande gani?"

Nikachagua kusini, kwenye banda la kuku.

"Huko wageni wamejaa," akasema. "Twende kaskazini."

Kaskazini kulikuwa ni kwenye kichuguu nyuma ya jiko. Tukahamia na mkeka, kuku wawili na kambale mkavu aliyenukia moshi. Baadaye akaniuliza nataka wapi tena. Nikataja jikoni, lakini huko nako wageni walikuwa wamejaa. Kijiti sikukiona tena. Akanipandisha kwenye dungu la kulindia mpunga, akasema hapo ndipo wanapofikia matajiri.

Leo nawajua wale wageni.

Mjomba alipofika na mtumbwi nililia, maana sikutaka likizo iishe. Bibi naye alilia, huku amenishika mkono mpaka ukauma. Nikadhani na yeye analilia Unguja.