Kilichoshuka Ni Volti

Siku hizi mgongo huniuma hata kabla shifti haijaanza, na labda ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Au natafuta kisingizio. Sijui.

Mimi hushughulikia umeme katika kiwanda cha chai, upande wa Kangari. Walituletea kisanduku cha kuunganishwa na kompyuta, ambacho hutoa volti za kuendesha feni ya hewa moto kwenye kikausho. Hakifanyi kitu mpaka kipate ishara, ile tunayoiita triga. Ishara yenyewe hutoka kwa jicho la umeme lililo pale majani yanapoingilia. Fundi aliyekifunga alikuwa amesharudi Nyeri aliponipigia simu. "Triga iweke ikishuka," akasema.

Nilikata simu nikacheka kidogo. Ishuke nini? Majani yanapanda na mkanda hadi kwa kikausho, hayashuki. Nikaona fundi naye amechoka kama mimi, ulimi umeteleza. Nikaweka ikipanda. Mimi niliishia darasa la nane, na nikipata nafasi ya kumrekebisha msomi, sitaki kuiharibu kwa kuuliza swali.

Siku mbili mfululizo chai ikatoka na unyevu. Msimamizi akamgeukia mama anayetandaza majani kwenye mkanda.

"Unamwaga nene kama unalisha ng'ombe! Kesho ikiwa hivi, unarudi kuchuma."

Mama yule ana goti baya. Mteremko wa shamba hawezi, na sote tunajua. Lakini nisimwonee msimamizi: majani yakiwa mengi mno kwenye mkanda, kweli chai hutoka mbichi.

Alipoondoka, mama akaniangalia. "Na wewe, mzee, hiyo kompyuta yako haikosangi? Ati ni mimi tu?"

"Hii ni mashini, mama. Inafanya vile imeambiwa."

"Na imeambiwa na nani?"

Nilichukua mita nikasimama kando ya lile jicho. Likiona wazi, linatoa volti. Majani yakiliziba, volti zinashuka. Majani yakaingia, mshale wa mita ukashuka, feni haikujali. Majani ya mwisho yalipopita, mshale ukapanda, ndipo feni ikanguruma juu ya mkanda mtupu.

Nikaiweka ikishuka, kama fundi alivyosema. Njiani kwenda ofisini nilitamani kusema fundi alinipa nusu neno. Ni kweli hakueleza. Lakini simu nilikuwa nayo mkononi, na mdomo pia.

"Mkubwa, kosa ni langu. Mama hana hatia."

Msimamizi akanionyesha mlango. "Basi kamwambie mwenyewe. Pale pale nilipomgombeza, na hao hao wakisikia."

Nikaenda, nikasema yote mbele ya wenzake, hata ile ya kucheka. Chai ilikuwa imeanza kutoka kavu. Mama hakuinua macho.

"Nimesikia," akasema. "Sasa toka kwa mkanda, majani inakuja."