Jua la Pwani Hupiga kutoka Chini

Domitila alizaliwa Marambo mwaka ambao wazazi wake walikuwa hata hawajamaliza kuezeka nyumba, wametoka ng'ambo ya Ruvuma na jembe moja na mizigo ya kichwani. Mkunga alipokwisha kumwosha alimkabidhi kwa mama yake bila kusema ni wa kike au wa kiume. Dorotea, mama mtu, alijionea mwenyewe: mtoto mweupe pe, nywele rangi ya majani makavu, macho yanayochezacheza yakikutana na mwanga. Majirani wakasema, zeruzeru. Dorotea alimfunika kwa kaniki, na tangu siku ile kazi yake kubwa ikawa kumkinga yule mtoto na jua.

Alijifunza kwa kukosea. Wenzake walimshauri ampake mafuta ya ufuta asubuhi na mchana, akampaka. Ngozi ikakaangika, ikatoa malengelenge. Akaacha mafuta. Akaja kuona kwamba kitambaa chembamba cheupe kinapitisha jua, lakini kaniki nzito inalizuia, ingawa inamchemsha mtu. Akamsukia kofia pana ya milala. Shambani walikwenda kungali na umande, na jua likivuka tu vilele vya miti, majembe begani, wanarudi. Watu waliwacheka kwamba wanalima kama wezi. Wacheke. Domitila alitimiza miaka ishirini na ngozi yenye madoadoa tu, bila kidonda hata kimoja.

Kisha wakaja Wazungu wa mradi wa karanga. Matrekta yao yaling'oa pori kama mtu anavyong'oa mchicha, na njia ya kwenda Nachingwea, ambayo zamani ungeitembea kivulini mwanzo hadi mwisho, ikawa uwanja mtupu wa vumbi jekundu. Kipriani, mdogo wake Domitila, alipata kibarua cha kuchoma visiki. Ndiye aliyemletea dada yake habari.

"Dada, kuna nyumba ya Mzungu wanataka mtu wa kupiga pasi. Ndani kwa ndani, kutwa kivulini. Hapa kijijini kivuli kimeshakwisha."

Dorotea alikataa wiki nzima, mwishowe akakubali.

Nyumba ilikuwa ya fundi mkuu wa matrekta. Alikuwa na mke, ambaye wote walimwita memsabu, na binti wa miaka minne mwenye nywele nyekundu. Mpishi wao alikuwa Mzee Abdalah, mtu wa Ruangwa, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza yule mtoto aliuweka mkono wake kando ya mkono wa Domitila juu ya meza ya pasi, akaitazama ile mikono miwili, akacheka kwa furaha. Domitila naye alicheka. Kuanzia hapo mtoto akawa anamwita Mwenzangu, na haukupita mwezi kazi ya pasi ikageuka kazi ya ulezi. Memsabu alimshonea sare: gauni jeupe la mikono mifupi. Kaniki alimkataza, kwa kuwa ilionekana chafu. Ndani ya nyumba gauni lile halikumdhuru, na kofia yake ya milala ikabaki imetundikwa msumarini jikoni.

Agosti ya mwaka 1950 bwana alipata likizo. Wakapakia gari, wote watano, wakashuka Lindi kukaa wiki mbili katika nyumba ya kupanga iliyotazama bahari. Domitila hakuwa ameiona bahari. Asubuhi ile alisimama mlangoni akashindwa kufungua macho. Mchanga ulikuwa mweupe, maji yanametameta, na mwanga ulimpiga usoni kana kwamba mtu amefungua mlango wa tanuri. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaiteremsha hadi kwenye nyusi. Haikusaidia kitu. Kwao jua lilitoka juu. Hapa lilitoka juu na lilitoka chini, likaingia ndani ya kofia.

Memsabu alijilaza mchangani amevaa nguo ya kuogelea.

"Domitila! Toa nguo ya mtoto. Jua mzuri. Mimi nataka yeye pata rangi."

"Memsabu, tusubiri jioni. Jua hili linaunguza."

"Unguza nani? Yeye si zeruzeru. Toa nguo, peleka majini."

Akamvua. Wakaingia majini, maji ya magoti, mtoto akaruka na kupiga kelele za raha. Upepo ulikuwa baridi, na huo upepo ndio uliomtia hofu Domitila zaidi, kwa sababu mtu akiungua ndani ya upepo hasikii papo hapo, husikia baadaye. Alimtazama mtoto mabega. Yalishaanza kuiva. Alimtoa majini, akamfunga kanga kuanzia shingoni hadi miguuni, akamchukua mbio hadi chini ya mti wa mvinje.

Memsabu alimfuata kwa hasira, akaivuta ile kanga mwenyewe.

"Wewe nafundisha mimi mtoto yangu? Rudi."

Wakarudi. Walikaa majini mpaka jua la utosi.

Usiku ule mtoto alitapika, na kulipokucha mgongo wake ulikuwa umevimba kama mkate, malengelenge kila mahali, homa kali. Mama yake alilia. Domitila ndiye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji baridi, akamnywesha maji kidogo kidogo, akawakataza wasiyatoboe yale malengelenge, na safari hii hakuna aliyebisha. Memsabu alikuwa na chupa ya dawa ya rangi ya waridi. Alimpaka mtoto mgongo mzima, taratibu, kwa pamba.

Mzee Abdalah aliingia na chai. Alimtazama mtoto, akamtazama na Domitila aliyekuwa amekaa sakafuni. Midomo ilikuwa imepasuka. Sikio la kushoto lilikuwa jeusi kwa damu iliyoganda. Mikono, kuanzia ilipoishia sare, ilikuwa malengelenge matupu.

"Na huyu je, memsabu?" Abdalah aliuliza.

Memsabu aliinua macho kama aliyeulizwa kuhusu kiti.

"Huyu? Huyu Mwafrika. Yeye nazaliwa hapa."

Akaifunga chupa.

Abdalah aliweka trei mezani, akatoka. Domitila aliendelea kukanda. Alisema baadaye kwamba hakuona uchungu wakati ule. Uchungu alioona ulikuwa wa mtoto, ambaye alikuwa ameukamata mkono wake palepale palipoungua, naye hakuweza kuutoa.

Siku zilizobaki mtoto aliogelea alfajiri na jioni tu, amevaa shati la baba yake la mikono mirefu. Memsabu aliwaeleza wageni wake kwamba hiyo ndiyo njia bora kwa ngozi laini. Mchana mtoto alilala chini ya feni, na Domitila alifua nguo za bahari uani, ambako hapakuwa na mti. Abdalah alimpa koti lake kuukuu ajifunike. Memsabu hakulisema lile koti.

Malengelenge ya mikono yalipona. Sikio halikupona. Lilifanya gamba, gamba likabanduka, likatoka damu, likafanya gamba jingine. Mwaka uliofuata kazi ya karanga ilivunjika, Wazungu wakafunga mizigo. Mtoto alilia kwenye gari. Domitila alirudi Marambo na sare mbili na kidonda.

Dorotea alipoliona lile sikio alikaa chini.

"Nilikutunza miaka ishirini," alisema. "Wiki mbili tu, mwanangu!"

Akarudia yote ya zamani: kaniki, kofia, shamba la alfajiri. Lakini kivuli cha Marambo kilikuwa kimekwenda na matrekta, na kidonda hakikujua kurudi nyuma. Mwaka 1953 kilikuwa kimekula ncha ya sikio. Mwaka 1954 Kipriani alimpakia dada yake kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni. Daktari alilikata sikio lote, akamwambia Kipriani pembeni kwamba walipaswa kuja mapema zaidi.

Mwaka huohuo Domitila alisikia kwamba katika kijiji cha Malolo, kwa Zaina, mke wa mkulima wa ufuta, amezaliwa mtoto mweupe. Alikwenda, ingawa shingo ilikuwa imeshaanza kuvimba. Mama mkwe wa Zaina alipomwona kichwa kimefungwa vitambaa alifunga mlango. Domitila alikaa nje ukutani siku mbili. Siku ya pili Zaina mwenyewe alitoka, mtoto amembeba mgongoni, uso wazi.

"Mfunike," Domitila alimwambia. "Usimpake mafuta ukadhani umemkinga. Nguo nyeusi, mikono mirefu, kofia pana. Na usimpeleke penye maji yanayong'aa."

"Hayo ndiyo yaliyokupata?"

Domitila alifungua kitambaa, akamwonyesha. Zaina alitazama mara moja tu, akatoa kanga yake ya kichwani, akamfunika mtoto uso.

Domitila alifariki Februari ya 1956, wakati wa palizi, akiwa na miaka ishirini na minane. Asubuhi ya mazishi watu walijaa uani kuliko walivyokuja kwa msiba wowote pale Marambo, na Dorotea alishangaa, kwa kuwa wengi hawakuwahi kumsalimia mwanawe. Kisha akawasikia wakinong'ona. Walikuwa wanasema zeruzeru hafi, hupotea. Kwamba ndani ya sanda hamna mtu, mna mgomba. Walikuja kuangalia.

Dorotea alisimama. Kipriani alitaka kumzuia, mama yake akamsukuma. Aliinama juu ya jeneza akaifungua sanda mpaka kifuani, uso wote ukawa wazi, na upande usio na sikio.

"Njooni," aliwaambia. "Karibuni mtazame vizuri. Si mmefuata hiki? Mwanangu amekufa kama mtu."

Hakuna aliyesogea. Wa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja, wakitazama chini. Dorotea aliifunga sanda mwenyewe, fundo kwa fundo, na wale waliobaki, watu tisa, wakainua jeneza wakaenda kuzika.