Chipu Nilizotupa Kwenye Samadi

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa nikachunge ndama, na baadaye nikaolewa na fundi wa umeme wa kiwanda cha majani chai. Nasema hivyo mapema ili mtu asitafute hapa maneno makubwa. Nataka tu kueleza nilivyomwonea wivu mwanamke mwenzangu nikiwa tayari nina wajukuu, na jinsi wivu huo ulivyokaribia kumharibu mzee wangu.

Mwanamke huyo alikuwa karani wa majani. Kwao ni kule milima ya magharibi, alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, na miaka yote niliyochuma chai yeye ndiye alisimama kwenye mizani. Alikuwa anaingiza mkono kwenye kikapu changu, anatoa jani moja, analikunja. Likivunjika, amelikataa.

"Mama, haya ni magumu. Mwaga, uchague upya."

Nilimwaga mbele ya wenzangu. Laini huku, gumu kule, mtoto mgongoni analia. Majani mawili na kichipukizi chake, hayo ndiyo chai. Lile lililokomaa, limepauka na kukauka, hilo ni la kutupa. Somo hilo nililipata kwake, na nililipata vizuri.

Jumamosi mchana klabu ya wafanyakazi ilikuwa wazi. Humo mlikuwa na mashine ya gemu, sanduku refu kama kabati lenye kioo kama cha televisheni, na ndani yake kigari kidogo kinakwepa mawe. Mzee wangu ndiye alikuwa anaitunza. Karani ndiye alikuwa anaicheza kuliko wanaume wote. Siku moja nilipita mlangoni na kikapu changu nikawaona: yeye anacheza, bwana wangu amesimama karibu amemshikia soda. Niliona mara moja tu. Mara moja ilinitosha kwa miaka mingi.

Basi tulizeeka. Tukatoka nyumba za kampuni, tukajenga kwetu, upande wa kuelekea Bomet. Karani akafiwa na mume, akafungua hoteli pale senta. Mwaka juzi klabu ilifungwa na vitu vyake vikauzwa, na ni nani alinunua ile mashine? Ilikuja kwangu juu ya pikapu, imefungwa kwa kamba kama ng'ombe wa mnada.

"Fundi," karani akamwambia mzee, "imekufa. Nataka kuiweka hotelini watoto wacheze. Nimefikiria sana, ni wewe tu unaijua."

Hilo "ni wewe tu" nililala nalo.

Mzee aliifungua siku hiyo hiyo. Alitoa bodi yake, ubao wa kijani mpana kama sinia, umejaa chipu nyeusi zenye miguu pande mbili, utafikiri mende waliopangwa foleni. Alinieleza, kwa maana siku ya kwanza alikuwa bado ananieleza mimi. Alisema hizi chipu za safu ile ni kumbukumbu ya mashine. Kila moja inashika kipande kidogo cha picha. Zikioza, picha inararuka, na kweli alipoiwasha niliona kioo kimejaa vipande vipande, kama leso iliyotafunwa na ndama.

"Weka zingine," nikamwambia.

"Hazitengenezwi tena, mama. Viwanda viliacha zamani."

Kwa hivyo alitafuta kwa njia mbili. Kule Londiani kuna mtu alikuwa na bodi ya umri ule ule, imekufa, iko stoo chini ya magunia ya viazi. Mzee aliileta ikinuka udongo, akazichoma chipu zake kwa chuma cha lehemu akazitoa nzima na miguu yao, sita. Zilikuwa zimepauka, kijivu, maandishi yamefutika. Tena mjukuu wetu wa kike aliagiza zingine kwa simu kutoka ng'ambo. Hizo zilikuja zinang'aa kama viatu vya harusi, maandishi meupe yanasomeka.

Tatizo lilikuwa macho. Mzee haoni tena vitu vidogo, na zile namba za juu ya chipu ni ndogo kuliko chawa, zimechanganywa na herufi za Kizungu. Mimi namba za kalenda nazijua, lakini zile zilinishinda. Karani alivaa miwani akazisoma zote bila kusita. Kuanzia hapo akawa anakuja kila Alhamisi. Alivuta kiti akakaa ubavuni kwa mzee, bega kwa bega, yeye anasoma, mzee anachoma.

Mimi nilipeleka chai. "Asante, mama," wote wawili, hakuna aliyeinua kichwa.

"Hotelini kwako leo nani anapika?" nikamuuliza.

"Wasichana wapo, mama."

"Wasichana watakuibia maandazi."

"Wacha waibe," akasema, anacheka. "Fundi, hii mwisho wake ni nne au tisa? Sogeza taa."

Mzee akasogeza taa. Mimi nikarudi jikoni nikakoroga ugali mpaka mwiko ukaniomba msamaha.

Nisidanganye, hakukuwa na ubaya wowote. Mlango ulikuwa wazi, kuku waliingia na kutoka. Lakini mwanamke anajua kiti chake ni kipi. Kiti cha ubavuni kwa yule mzee kilikuwa changu, hata kama nilikuwa sikikalii.

Jumatano moja mzee alikuwa ameenda kanisani kwenye kikao, nikaamua kusafisha meza yake. Kesho yake mgeni alikuwa anakuja, na sikutaka aseme nyumba yangu ni chafu. Mezani kulikuwa na kifuniko cha kopo la mafuta, ndani yake chipu zote zimelala, za Londiani na za ng'ambo. Nikakaa chini. Nikaweka kifuniko mapajani, nikachagua. Laini huku, gumu kule. Zinazong'aa zikabaki. Zile sita zilizopauka nikazikusanya na takataka, nikazitupa kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi.

Nilijiambia ninasaidia. Nilijiambia hata mimi najua kuchagua. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilijua kazi hiyo si yangu, na nilisikia utamu.

Sikujua jambo moja, kwa maana mzee alikuwa amemwambia karani na hakuniambia mimi. Zile kijivu ndizo zilikuwa nzima. Zile za kung'aa, mzee hakuziamini tangu mwanzo. Kuna watu huko wanaokota chipu za kuoza, wanazisugua uso, wanazipaka rangi, wanaziandika namba mpya. Kama mtu aliyepaka jani gumu mafuta ili lipite kwenye mizani.

Alhamisi wakakaa. Mzee akapapasa kifuniko.

"Zile za Londiani ziko wapi?"

Karani akatazama chini ya meza. Mzee akatazama mifukoni, akafungua droo, akafungua kopo la misumari. Akaniita.

"Mama, umeona chipu zangu, zile kuukuu?"

"Mimi si sijui kusoma?" nikamjibu. "Nitajuaje za zamani na za leo?"

Akafunga droo. Wakaweka zile za kung'aa, kwa kuwa ndizo zilikuwepo. Mzee alikuwa ameshakata miguu ya chipu mbili mbovu, akazitoa, akachomelea soketi mahali pake ili chipu iingie na kutoka bila moto. Wakaingiza mbili, wakawasha. Picha ile ile, ya leso iliyotafunwa. Baada ya muda kidogo moja ikatoa moshi. Nyumba ikanuka kama nywele zilizoungua.

Mzee akazima. Akakaa tu, mikono juu ya magoti.

"Niliziweka hapa," akasema. "Jumanne niliziweka hapa kwa mkono wangu. Au sikuziweka?"

"Utazipata, fundi," karani akasema.

"Baba yangu alianza hivi hivi. Alianza na funguo. Mwisho akawa haijui njia ya choo." Akachukua bisibisi akaanza kuirudisha bodi kwenye sanduku. "Rudisha mashine yako, karani. Mimi nimekwisha. Kesho nitachoma kitu cha mtu nimuue."

Karani alivua miwani akaifuta kwa leso, akaifuta tena.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Nimeishi na mtu huyo tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kumsikia akisema amekwisha. Hata siku umeme ulipomrusha kule kiwandani, ukamchoma vidole vya mikono yote miwili, alirudi akiniuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Nikaweka birika chini.

Nilipita nyuma ya zizi nikapiga magoti kwenye samadi. Mvua ilikuwa imenyesha. Jua likiwa bado juu, nikachimbua kwa vidole, kwa maana jembe lingevunja miguu yao. Vidole vilivyochuma chai miaka thelathini havihitaji macho. Vinajua kikonyo na vinajua jani. Vilijua na mguu wa chipu. Nilipata moja, nikapata mbili karibu na maganda ya ndizi. Nilipofika tano nilichimba mpaka kiuno kikakataa. Ya sita ikanishinda. Mpaka leo iko huko, labda inakumbuka mambo ya ng'ombe.

Nikaingia na samadi mpaka viwikoni, nikaziweka mezani mbele yao wote wawili.

"Nilizitupa mimi," nikasema. "Jana. Niliona zimepauka. Hukusahau kitu."

Mzee akazitazama.

"Kwa hivyo niliziweka hapa."

"Uliziweka hapo."

"Jumanne."

"Jumanne. Mimi ndiye nimekudanganya."

Nilingoja anipigie kelele. Alipumua tu, pumzi ndefu, akaegemea kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Afadhali angenipigia kelele.

Aliyesema ni karani. "Wewe mama! Miaka ile nilikukatalia majani, na leo umenikatalia mimi!" Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Alikuwa amesema ukweli mtupu.

Tuliziosha kwa spiriti, karani akainyoosha miguu yao kwa kibano, tukazianika kwenye ungo juani. Ilipokaribia saa kumi mzee akachomeka mbili kwenye zile soketi, akawasha. Nusu ya juu ya kioo ikakaa sawa, mbingu na mlima. Nusu ya chini bado imeraruka.

"Kuna nyingine imeoza," mzee akasema. "Iliyokufa inajulikana kwa joto. Inachoma kuliko wenzake, au inakuwa baridi kabisa. Karani, gusa."

Karani akagusa, akatoa mkono. "Uuu! Zinachoma, fundi, siwezi."

Mzee hawezi kugusa. Vidole vyake vilivyoungua havisikii kitu. Akageuka. "Mama, njoo uweke kidole."

Karani alisimama mwenyewe, hakuambiwa. Nikakaa. Nikapitisha kidole polepole juu ya safu ile, moja moja. Vuguvugu. Vuguvugu. Vuguvugu. Ya tano kutoka ukingoni ilikuwa baridi kama jiwe la mto.

"Hii hapa. Hii haijaamka."

"Una hakika?"

"Si umeniuliza mimi?"

Mzee alichukua moja ya zilizobaki, akailaza juu ya ile baridi, mguu juu ya mguu, akaibana kwa kidole gumba. Kioo kikatikisika mara moja. Barabara ikatokea, na mawe yake, na kigari kikiwa kimesimama pale chini kinangoja.

Karani akapiga vigelegele. Mzee akacheka, nami nikamtazama yeye, sikutazama kigari.

Mashine iko hotelini sasa. Kumbe zipo zingine, za watu wa Nakuru na wa Kericho mjini, na wameanza kumletea mzee bodi zao. Karani bado anakuja Alhamisi, kwa maana namba bado zinahitaji msomaji. Juzi aliniomba nimfundishe mambo ya kidole.

"Chuma kwanza miaka thelathini," nikamwambia, "halafu urudi."

Wivu haujaisha, wala sitasema umeisha. Ila kila Alhamisi asubuhi, kabla hajafika, mimi ndiye ninapanga viti. Changu nakiweka ubavuni kwa mzee. Chake nakiweka ng'ambo ya meza, karibu na dirisha, ambako kuna mwanga mzuri wa kusomea.