Nilimfunga Bibi kwa Khanga, Leo Mtaa Unataka Nikague Walezi wa Wazee

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje, sema Temeke tu. Mie ni bibi wa miaka sabini na mbili. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana mjukuu anayeniandikiaga sitaki ajue haya.

Enzi za Ujamaa nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeachika, nimerudi kwetu. Jirani yetu, karani, alikuwa amemleta mama yake kutoka kusini. Nitamwita Bibi. Alikuwa ameanza kusahau. Ukigeuka kidogo tu katoka, anakwenda kutafuta shamba lake la mikorosho, na huku tuko Temeke! Karani akaniajiri nishinde naye. Akaniambia, "Dada, mama yangu nimekukabidhi wewe. Mie natoka asubuhi, narudi jioni."

Sasa alasiri kulikuwa na kisomo cha watu wazima, na usipokwenda balozi wa nyumba kumi anakufuata. Na mie nilikipenda, nisiwadanganye. Baba yangu alikataa kunipeleka shule, basi siku niliyoandika jina langu ubaoni nilijiona waziri. Bibi nimwache na nani? Nikamfunga. Khanga moja kiunoni, nyingine mkono wa kulia, kwenye tendegu la kitanda, halafu shuka juu. Mara ya kwanza nililia. Baada ya wiki mbili nilikuwa namfunga huku naimba.

Balozi alikuwa mtu mwema. Kulikuwa na maneno kwamba kuna wazee wanateswa majumbani, basi akawa anapita kila nyumba yenye mzee. Lakini haingii. Chumbani kwa mama wa mtu utaingiaje? Anasimama barazani anapaza sauti, "Shikamoo Bibi!" Bibi anajibu, "Marahaba baba, hamjambo huko?" "Hatujambo. Wewe je?" "Mzima tu." Basi, kamaliza. Anakuja mpaka darasani ananisifu mbele za watu: "Bibi yako nimempitia, kaitikia vizuri. Mnaona mtu anavyotunzwa?" Wananipigia makofi, na mie nachekacheka. Jamani, mzee wa enzi zile hata awe anakata roho, ukimwamkia atakuitikia!

Siku moja narudi, Bibi kaanguka upande wa ukutani, kaning'inia kwa mkono. Khanga imekaza, vidole vimekuwa vyeusi. Balozi alishapita zamani. Nilimfungua huku nalia, namwomba radhi. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, alipita mtu wa heshima hapo nje, nimemwitikia."

Mkono ulivimba, ukaoza, hospitali wakashindwa. Mwezi haukuisha, Bibi akafariki. Karani nilimwambia kaanguka akienda chooni, akaniamini. Msiba ulipoisha alininunulia doti ya khanga, akasema mbele ya ndugu zake, "Huyu ndiye aliyekuwa binti wa mama." Nikazipokea. Mkono huu huu ulizipokea.

Tangu hapo sina amani. Mchana kweupe niko jikoni napepeta mchele, mtu akipita nje akamwamkia jirani, mie namsikia Bibi anaitikia kutoka chumbani kwangu. Naacha ungo naenda kuangalia. Nimeolewa tena, nimezaa, nimefiwa na mume, na bado naenda kuangalia. Wanangu wanasema mama masikio yamezeeka. Masikio yangu hayana shida yoyote.

Mwezi uliopita mtaani kwetu mzee mmoja alikutwa na vidonda mgongo mzima, na mlezi wa kulipwa yupo humo humo ndani. Watu walikasirika, kikao kikaitwa. Ikaamuliwa kila anayelipwa kutunza mzee nyumbani aandikishwe, adhaminiwe, na mkaguzi apite kila wiki. Akatafutwa mkaguzi. Nani kapendekezwa? Mie! Na aliyenipendekeza ni karani yule yule, siku hizi mzee wa miaka themanini na ushee, yuko kwenye kiti cha magurudumu. "Huyu alimtunza mama yangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Kisha wakasoma utaratibu. Mkaguzi atafika, atamwamkia mzee, mzee akisema yu salama, anaweka tiki. Nikasimama nikasema, "Salamu haitoshi. Aingie ndani, afunue shuka, ashike mikono, aangalie mgongo."

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mama, tukawavue wazee wa watu nguo? Si kuwavunjia heshima? Na kama mwenyewe kasema mzima, wewe unajuaje kuwa si mzima?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Karani naye akanitazama, ananisubiri nijibu. Nikakaa chini.

Jumamosi hii wanaupitisha utaratibu huo. Nisipoeleza ninavyojua, unapita hivyo hivyo. Nikieleza, namuua karani kabla ya siku zake. Na hilo si lote. Wanawe wanamtafutia mlezi, na jana alinishika mkono akaniambia, "Dada, utakayemchagua wewe, mie nimemkubali."

Wanangu mnaosoma hapa, nitukaneni kwanza, ni haki yenu. Mkimaliza, niambieni Jumamosi niseme nini mbele yake. Ila msiniambie nisali. Nimesali miaka yote hii.