Filamu Niliyoipachika na Glavu za Jibini

Naona aibu kuyasimulia haya, lakini afadhali mcheke mkiyasikia kwangu mwenyewe, maana hapa Masisi yanasimuliwa vibaya zaidi, na kila nikiyasikia hasira inanipanda upya.

Mama Furaha alikuwa anamwoza binti yake kwa mume wa Walikale. Picha zao zote za zamani zilibaki Mweso siku walipokimbia vita, kwa hiyo alitaka moja kubwa ya ukutani kabla binti hajapanda pikipiki kwenda zake. Mimi ndiye mwenye ile kamera ya mbao ya miguu mitatu (nilikuwa najivunia, sikatai), inayotumia filamu za karatasi moja moja, ambazo lazima uzipachike kwenye vikasha vyake gizani kabisa, ukipapasa kwa vidole kipengo kidogo kilicho konani: kikiwa juu kulia, uso wa filamu unaonasa picha unakutazama, umeweka sawa.

Giza la kuaminika lilikuwa chumba cha jibini cha jirani, Papa Ndoole. Akanizuia mlangoni.

"Huku hakuna muntu anaingia bila glavu. Iko fromaji ya watu!"

"Papa, mimi sigusi fromaji."

"Ao unavaa, ao unarudi."

Nikavaa. Na ningeweza kuzivua mara tu mlango ulipofungwa, nani angeniona mle, lakini nilimwogopa yule mzee, niliogopa anifukuze na ukoo mzima unanisubiri nje umevaa vizuri, basi nikapapasa na glavu zile nene za mpira, kipengo sikukisikia, nikakisia. Mpumbavu mimi!

Nikatoka kwa maringo, nikawapanga watu, nikaamuru simu zote zitiwe kwenye kikapu (eti zinawavuruga macho). Shangazi wa bibi harusi akaomba apige moja tu.

"Hapana, Mama, acha fundi afanye kazi!" nikamjibu.

Nikapiga mbili. Pikipiki ikaondoka na binti.

Niliposafisha filamu nyumbani, zote mbili nilikuwa nimezipachika kinyume: vivuli hafifu, sura hakuna. Jumapili, watu wakitoka misa, Mama Furaha akaniita mbele ya wote.

"Kaka, leta tuone."

Nikatoa, nikasema nimeharibu. Kelele zikaanza.

"Na telefone zetu ulizikatala!" shangazi akapiga ukelele.

Papa Ndoole (yeye hasa!) akatikisa kichwa: "Hawa mafundi ya sasa, hawajue kazi." Nusura nimrukie hapo hapo mlangoni mwa kanisa.

Mama Furaha aliinua filamu kwenye jua, akaitazama weee, kisha akaweka kidole juu ya kivuli kimoja.

"Huyu wa hapa, njo yeye?"

Nikamwambia ndiyo, ni binti yake. Kusema kweli sikujua. Akaifunga kwenye kitambaa chake, akanishukuru, akaenda.

Tangu siku hiyo, yeyote anayeniamuru kuhusu kazi yangu namkatalia usoni, awe mzee, awe nani. Lakini shukrani ile bado inaniuma kuliko matusi yote.