Neno Lenye B, W na M

Adolphine alijua Kiingereza kuliko wanaume wengi wa mji wa Baraka, na hilo peke yake liliwakera watu. Baba yake, Mbembe wa Ubwari upande wa Kongo, alikuwa amevuka ziwa na familia nzima kwenda kupakia mizigo bandarini Kigoma, na huko binti akasoma shule ya Waingereza miaka kadhaa. Alipoolewa na Placide, monita, yaani mwalimu, wa shule ya misheni, akarudi Kongo na Kiingereza chake, asione wa kuzungumza naye.

Mwaka 1956 misioneri mmoja, mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani, akaanzisha darasa la Kiingereza la mamonita kila Jumamosi alasiri. Placide alimwombea mkewe nafasi. Akapewa benchi la nyuma, karibu na mlango. Akae, lakini asisumbue. Hakusumbua. Hata monita alipolitafuna neno vibaya mbele ya wote, hakumsahihisha.

Jumamosi moja Bwana Miwani akaja na kamusi mpya, nene, akaiweka mezani. Akaandika ubaoni herufi tatu: B, W, M.

"Kila mutu humu ndani atafute neno ya Kiingereza yenye iko na hizi herufi zote tatu," alisema. "Mwenye neno murefu kupita wote, kamusi ni yake."

Kila mutu. Adolphine alilisikia vizuri.

Alianza na W, kwa kuwa ndiyo ngumu. Women ilikuwa na W na M, ikakosa B. Ndipo akakumbuka bewilder, neno ambalo mwalimu wake wa Kigoma alipenda kulisema wanafunzi walipoduwaa mbele ya hesabu. B ipo, W ipo. Na M je? Akaukumbuka mkia ule wa -ment ambao Kiingereza hushonea nyuma ya vitenzi: punish ikawa punishment, govern ikawa government. Akahesabu kwa vidole: kumi na mbili.

Nicolas, monita kutoka Fizi, aliwahi kuinua mkono. "Bowmen," alisema. Wapiga upinde wa kwenye Biblia. Herufi sita. Wengine hawakuwa na kitu, na mzungu alikuwa ameshaishika kamusi ampe.

"Mi niko na ingine," Adolphine akasema, akasimama. "Bewilderment."

Wanaume wakageuka. Bwana Miwani akafungua kamusi, kidole kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama. Masikio yakamwiva.

"Nani alikuambia hii neno?"

"Hakuna. Nimeitafuta mu kichwa yangu."

"Placide alikunong'oneza."

Placide alikuwa benchi la mbele kabisa, na hata kugeuka hakugeuka. Kila mtu alingoja aseme kwamba hakunong'oneza kitu. Akatazama viatu vyake.

"Na tena," mzungu akaongeza, "mashindano ni ya bamonita. Bamama banakuja kusikiliza tu."

Akampa Nicolas kamusi. Mtu akacheka, kisha wengi.

Njiani Adolphine akamgeukia mumewe kwa hasira. "Wewe ungesema 'hapana' tu! Neno moja, fupi!"

"Yule ndiye anaamua nani anabakia ku kazi," Placide akajibu kwa sauti ndogo.

Kesho yake, baada ya ibada, Nicolas akaja na kamusi imefungwa kwa kitambaa. "Mama, hii ni yako. Mi najua kuhesabu."

"Hata jana ulijua. Rudisha kwake. Kama anataka kunipa, anipe mbele ya bale balicheka."

Nicolas akairudisha. Mzungu akaiweka kwenye rafu.

Jumamosi iliyofuata Adolphine aliwahi, akaketi benchi la mbele. Akaamriwa arudi nyuma. "Nimekuja kusikiliza," alisema. "Hapa nasikia muzuri." Bwana Miwani akafunga vitabu, akaondoka, na mamonita wakamlaumu mama huyo kwa kuwaharibia darasa. Wazee wa kanisa wakamwita aombe msamaha.

"Musamaha ya nini? Ya kujua?"

Wakamwondoa kwenye ushirika wa meza ya Bwana kanisani. Kwa mwaka mzima na zaidi, mkate na kikombe vilimpita, na majirani waliojua ukweli waliinamisha vichwa. Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha darasani.

Bwana Miwani alipohamishiwa kwingine, Placide alisimama katikati ya ibada bila kuitwa. "Siku ile sikumunong'oneza kitu," alisema. "Neno ilikuwa yake. Niliogopa."

Wazee wakanong'onezana, kisha wakatangaza kwamba Mama Adolphine amesamehewa.

"Mumenisamehe!" Adolphine akasema kwa nguvu, kanisa zima likasikia. "Na nani ananiomba mimi musamaha?"

Akamshika Placide mkono, wakatoka pamoja, wakiacha ibada ikiendelea nyuma yao.